Leo nimepiga kelele, ukingo ukabaki mtupu

Marafiki, leo nimekimbiza watu kwa sauti yangu. Mimi, ambaye darasani mnaniambia, "Ongea, hatusikii."

Ninajifunza kupiga makasia kwenye kilabu cha ziwa letu dogo, hapa Butembo. Leo mwalimu wetu, dada mkubwa tunayemwita Yaya Masika, aliniketisha penye usukani.

Wapigaji wanne hukaa wakipa mgongo kule mashua inakokwenda, kwa hiyo mwenye usukani ndiye anayewaamuru.

"Ukishindwa leo, natafuta mwingine," akaniambia.

Shida ni kwamba wote wanne ni wakubwa wangu kwa umri. Mmoja wao, mzee tunayemwita Papa Kambale, ndiye aliyenifundisha katekisimu.

Tukakaribia majani ya ukingoni. Nikasema, "Samahani, Papa Kambale, na nyinyi wengine, tafadhali, kama inawezekana..."

Tukaingia ndani ya majani.

"Mutoto, unaamuru ao unaomba?" Papa Kambale akauliza, akitoa majani kwenye kofia yake.

Tulipoukaribia ukingo mara ya pili, nikafumba macho. "SIMAMENI!"

Mashua ikasimama.

Lakini ukingoni, akina mama waliokuwa wakifua wakaacha nguo, wakabeba watoto, wakakimbia. Siku hizi za vita, mtu akipiga kelele hivyo, hakuna anayengoja kuuliza sababu.

Hakuna aliyecheka.

"Usukani ni wako," Yaya Masika akasema polepole. "Lakini kila siku, mbele ya kuanza, utapita kwa bale bamama, mumoja mumoja, ubaambie ni wewe utapiga kelele."

Nimeanza leo leo, nikiwarudishia nguo zao.

Kati ya kupiga kelele na kusalimia akina mama wote hao, nyinyi mungechagua nini?