Bundi Aliyebaki Kitabuni

Siku yangu ya kwanza kazini, Madamu aliniagiza nilale sakafuni. Nilikuwa nimevaa suti ya kanisani, maana nilikuja kuchapa, si kutambaa.

"Papa Ilunga," alisema, "kabla hujachapa neno lolote, lala chini. Niambie mnyama mdogo wa miiba kama kalunguyeye angeona nini humu ndani."

Nililala. Niliona miguu ya meza, vumbi, na viatu vyake vilivyosimama mbele yangu kama kuta. "Mlango siuoni," nikasema.

"Vizuri. Na yeye hatauona, ataunusa. Sasa amka ukae kwenye mashine."

Vijana wa kanisani kwetu, hapa Jeppestown, huniuliza kazi ile ilikuwa ya namna gani. Nitaieleza kwa mpangilio.

Nilitoka Lubumbashi nikiwa kijana. Kituo changu cha kwanza cha ulinzi Johannesburg kilikuwa geti la jengo alimoishi Madamu, katikati ya mji. Msimamizi wa walinzi hakupenda kuniona na kitabu. "Ilunga, wezi hawasomi," alikuwa akisema. Mimi nilisoma. Kiingereza nilijifunza palepale getini, kamusi upande huu, gazeti la jana upande ule. Madamu alikuwa akipita na kuniuliza nimefika neno gani, hadi siku aliyonihamishia juu, nyumbani kwake, niwe mpigachapa wake.

Alikuwa Mwingereza, binti wa daktari wa mifugo, aliyeletwa huku na ndoa na kubaki baada ya mumewe kufariki. Watoto wa kwao walimjua kwa riwaya zake za wanyama wanaosema. Wengi hudhani riwaya za aina hiyo ni mchezo tu: unampa mnyama suruali na jina, basi. Madamu alikuwa na sheria aliyoiita kipimo cha mwili. Mnyama anaweza kusema, kuapa, hata kutawala, lakini asifanye jambo lisilowezekana kwa mwili wake. Kalunguyeye hashiki kikombe. Kila rasimu, yaani andiko ambalo bado linarekebishwa, nilimsomea kwa sauti huku amefumba macho. Kosa la mwili likipita, aligonga meza kwa kijiko.

Riwaya yake ya mwisho ilihusu ufalme wa wanyama wadogo katika mashimo ya migodi iliyoachwa chini ya mji huu. Macho yake yalikuwa yamefifia, na alitaka jambo moja tu: watoto wa watu aliowasikia wakisema Kiswahili getini kila siku waisome kwa lugha hiyo. Kuitafsiri nilikabidhiwa mimi.

Kabla ya kutoa prufu, yaani kurasa za majaribio, mchapishaji alitaka kujua kama wasomaji wataipokea. Nikazisomea familia za kanisani riwaya hiyo baada ya ibada. Nilipomfikia bundi, mwalimu mheshimiwa wa ufalme ule, Mama Neema, fundi wetu wa cherehani, akasimama.

"Papa Ilunga, ngoja kwanza. Bundi ndiye mwalimu?"

"Ndiye, mama."

"Anafundisha nini? Kuita maiti?" Watu wakacheka, lakini akina mama walikwisha kuanza kukusanya watoto. "Ile ndege ikilia juu ya nyumba, watu wanatafuta sanda. Eish! Hicho kitabu hakiingii kwangu."

Habari ikamfikia mhariri mkuu wa mchapishaji, Mkenya mwenye haraka. "Mzee Ilunga, toa bundi, weka tai."

"Tai haruki usiku, na mabawa yake yanasikika. Bundi ndiye anayepitisha ujumbe wa vita gizani, juu ya maadui, nguchiro wenye masikio makali. Ukiweka tai, hadithi imekufa."

"Wazazi wasiponunua imekufa pia. Jumapili nitakuja kusikiliza mwenyewe. Wakiondoka tena, sichapi."

Nikampelekea Madamu maneno yote. Aliniomba nirudie yale ya Mama Neema, kisha nirudie tena. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwetu bundi ni mzee wa busara," alisema, "na sikuwahi kuuliza kwa nini. Mama huyu anamwogopa kwa sababu anamjua. Anakuja bila kusikika. Mimi nilimpa kiti cha mwalimu, na hakukihitaji. Chapa."

Wiki ile bundi alipoteza shule yake. Wanyama sasa walimwogopa, wakaziba mashimo yao anapopita, wakamrushia kokoto. Naye alibeba ujumbe vilevile, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza. Mimi nilipendekeza jambo moja: kalunguyeye, mwoga kuliko wote, aache shimo lake wazi. Madamu alifumba macho, akafikiri. Kijiko hakikugonga.

Jumapili Mama Neema alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Nilipofika kwenye mashimo yaliyozibwa, akasema, "Hata mimi ningeziba." Nilipofika kwenye lile lililoachwa wazi, akauweka mkoba sakafuni. Nikafunga karatasi zangu.

"Papa! Anaingia au haingii?"

"Ni sura inayofuata, mama."

"Basi soma, usitutese!"

Mhariri mkuu alikuwa kiti cha nyuma. Kesho yake aliagiza prufu.

Madamu alikishika kitabu cha Kiswahili, akakinusa, akaniomba nimsomee ukurasa wa kwanza ingawa hakuelewa hata neno moja. Alifariki mwaka uleule, nami nikastaafu. Kijana akitaka kazi hii, simwambii anunue kompyuta. Namwambia alale sakafuni, kisha akamsomee mtu ambaye hatampa heshima ya bure.

Mwezi uliopita, asubuhi ya ibada, bundi alitua juu ya paa la kanisa letu. Vijana wawili wakaokota mawe. Mama Neema akawahi kutoka, mkono kifuani.

"Yesu, nilinde," alisema. Kisha akawageukia. "Wekeni chini hayo mawe. Mimi namwogopa kuliko ninyi. Lakini huyo yuko kazini."