Ringi za Mashindano za Mwalimu Breki

Katika shule ile ya udereva hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, kwa sababu gari la kufundishia lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wa abiria, na kwa miaka ishirini na miwili mguu wake haukubanduka juu ya pedali hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, na kazini hakuwa na mchezo. Mwanafunzi hakugusa ufunguo kabla ya kulizunguka gari zima na kuinama mbele ya kila gurudumu. Wapo waliomcheka kisirisiri, lakini wengi walifaulu.

Siku za kazi aliendesha gari la shule. Mwisho wa wiki alikuwa na lake mwenyewe, gari la kizamani alilorithi kwa baba yake, rangi ya maziwa, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, usukani mwembamba, viti vya ngozi vilivyoshonwa upya mara mbili. Lilimzidi umri kwa miaka mitatu. Mumewe aliliita "mume mwenzangu", na alipolikuta limeegeshwa vibaya mlangoni aliliomba radhi kabla ya kupita.

Mume huyu alikuwa fundi wa kuchonga vyuma, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mashine yake ilikaa bandani nyuma ya nyumba. Mkewe alipokaribia kutimiza miaka hamsini, alijifungia humo miezi miwili kila aliporudi kutoka kiwandani, akitoka kula tu, nywele zimejaa vumbi la chuma. Siku ya siku alimfunga mkewe kitambaa machoni, akamshika mkono hadi uani. Kitambaa kilipotoka, Mwalimu Breki aliona gari la baba yake limesimama juu ya ringi nne za magari ya mashindano, nyepesi, zenye spoku nane nane, zinang'aa kama sufuria mpya. Fundi alikuwa amezipata kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na timu ya mbio za magari. Zilikuja nyeusi tititi. Alizisugua mpaka zikatakata, akayapanua matundu ya nati yalingane na gari. Mwalimu Breki alilia tu, akamshika mumewe shavu.

Aliendesha juu ya ringi hizo mwaka mmoja na miezi minne. Kila Jumapili alimpeleka mama yake, bibi wa miaka themanini na moja, kumwona dada yake aliyekaa nje ya mji, saa nzima ya barabara kuu. Kwenye kituo cha mafuta watu waliomba kupiga picha. "Mwanangu," mama yake alisema, "hili gari sasa limevaa hereni."

Jumamosi moja asubuhi alikuwa akiliosha uani. Alipeleka sponji ndani ya spoku za gurudumu la mbele la kushoto, likanasa. Akalivuta, likachanika. Akapiga magoti atazame limenaswa na nini.

Spoku moja haikufika ukingoni. Palikuwa na pengo la urefu wa kidole gumba. Kipande kilikuwa kimetoka na kwenda zake, hajui lini, hajui wapi. Penye jeraha chuma kilikuwa cha kijivu, kina chembechembe kama sukari. Spoku ya jirani ilikuwa na ufa wa kupitisha ukucha.

Mwalimu Breki alikaa chini pale pale, kwenye maji ya sabuni, na gauni lake. Wiki iliyopita, kwenye mteremko, alilipita lori la mchanga kwa mwendo ambao angemfokea mwanafunzi, na mama yake alikuwa kiti cha mbele akimenya chungwa. Kuinama alikuwa ameinama, kila wiki bila kukosa. Ila alikuwa akiinama, anaiona sura yake kwenye mng'aro ule, anatabasamu, anainuka.

Fundi siku hiyo alikuwa kiwandani na hangerudi hadi jioni. Mkewe alipiga jeki, akalikalisha gari juu ya magogo, akafungua magurudumu yote manne. Akayavua matairi kwa mtengeneza pancha wa jirani, akaomba gari la shule, akazipeleka ringi kwa mkaguzi wa vyuma, bwana mmoja mrefu aliyekuwa akikagua ndoano za winchi na matangi ya mvuke. Aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Alifeli mara mbili.

"Mwalimu, hizi umezitumia wapi?" mkaguzi aliuliza, akigeuza ya kwanza.

"Barabarani."

"Barabara gani?"

"Hii yetu. Ya mashimo na matuta."

Mkaguzi alizipaka ringi dawa nyekundu, akangoja, akazifuta, kisha akapuliza unga mweupe. Wakasimama wanatazama. Juu ya weupe ule mistari myekundu ya nyufa ilianza kujitokeza, mmoja, mwingine, mwingine tena, inatambaa kutoka matundu ya nati kuelekea kwenye spoku. Ringi tatu kati ya nne zilikuwa hivyo.

"Ringi ya mashindano ni nyembamba kwa makusudi, ili gari liwe jepesi," mkaguzi alisema taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Kila baada ya mbio inafunguliwa na kukaguliwa. Ikifika umri wake inatupwa, hata kama inang'aa. Hii yako ilishatimiza umri wake kabla hujaiona, halafu ikatobolewa upya, halafu ikapigwa mashimo mwaka mzima."

"Mama yangu alikuwa anakaa hapo juu," alisema Mwalimu Breki.

"Na hapa pamesagwa," mkaguzi aliendelea. Upande wa ndani wa ringi tatu kulikuwa na sehemu laini, ukubwa wa kiberiti, chuma kimeliwa na mashine. Aliigeuza ya nne na kufuta grisi mahali pale pale. Maandishi yakatokea, herufi zilizogongwa ndani ya chuma. Mbili za mwanzo zilikuwa zimesagwa nusu, zilizobaki zilisomeka bila shida: ringi hii ni ya mashindano pekee, isitumike barabarani.

Mkaguzi alimvutia kiti, lakini Mwalimu Breki alibaki ameegemea meza, anayasoma maneno yale kana kwamba yangebadilika. Mkono uliosaga vile aliujua. Ulikuwa mkono uliomfunga kitambaa.

Jioni Fundi alipoingia, aliikuta ringi ya nne juu ya meza ya kulia, maandishi yametazama mlango. Aliweka begi lake la spana chini, polepole, kama lenye mayai.

"Mama wa mtu na mwanawe," mkewe alisema. Sauti yake, iliyozoea kuvuka barabara, haikuvuka meza. "Kila Jumapili."

"Nilidhani ni maneno ya kiwanda. Ya kujikinga. Kila kitu siku hizi kina onyo, hata ndoo."

"Ungekuwa umeyadharau ungeyaacha. Wewe uliyasaga."

Fundi alitazama mikono yake. "Nilijua ukiyaona hutazipanda. Na nilitaka uzipande. Nilitaka ufurahi, basi."

"Na hii ya nne?"

"Nilianza, mkono ukakataa. Nikaipaka grisi."

Mwalimu Breki alipigwa na butwaa zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa nyufa zote alizoonyeshwa. Mumewe alijua, mkono wake ulijua, na bado alilikaza gurudumu la nne akaja kumfunga kitambaa machoni.

Kulipokucha alimpeleka uani na kumpa nyundo kubwa. Hakutaka ringi zile ziokotwe na mtu mwingine. "Piga," alisema. Fundi alijiandaa kwa kazi ya asubuhi nzima, akavua shati. Pigo la kwanza lilitoa mlio mfupi, mkavu. La pili likaipasua ringi vipande vitatu, kama chungu kisichoiva vizuri, na kimoja kikaruka hadi ukutani. Fundi alibaki na nyundo mkononi. Kisha akakaa juu ya gogo, akajifunika uso, na mkewe akaona mabega yake yanatetemeka. Ilibidi amalizie zilizobaki yeye mwenyewe.

Wiki zilizofuata walisemezana ya lazima tu: chumvi, ufunguo, fundi bomba. Mama yake alikuja, akamtazama mkwe wake alivyokonda, akataka kujua kuna nini. Mwalimu Breki akamweleza yote.

"Kwa hiyo siku ile nilikuwa namenya chungwa juu ya kaburi langu," alisema. Halafu, "Mwambie aje kwangu. Peke yake."

Fundi alienda, akakaa huko mchana kutwa. Waliyoongea hakuna aliyeyajua, ila alirudi amekula.

Ringi za zamani za gari, zile za chuma, Fundi alikuwa ameshazitoa kwa wakusanya vyuma chakavu. Alitafuta nyingine miezi mitano, kila siku ya mapumziko, gereji kwa gereji, hadi akalikuta gari la aina ile ile uani kwa mfuga kuku, limegeuzwa banda, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Alizileta ringi zake, akazipaka rangi ya kijivu. Zilikuwa nzito, hazina urembo wowote. Mkaguzi alizipaka dawa yake nyekundu na hakuna mstari uliotokea.

Gari lilirudi barabarani. Nyumba nayo ilirudi, kidogo kidogo. Vicheko vilianza kwenye mambo madogo, na siku moja Fundi aliliomba tena radhi gari mlangoni.

Kisha, alasiri moja wakinywa chai, alisema bila kuulizwa, "Yule mzee aliyenipa ringi aliniambia. Aliniambia niziangike ukutani, ni za kutazama tu."

Mwalimu Breki aliweka kikombe chini. Chai ilifanya utando wakiwa wamekaa.

"Kuna lingine?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilikuwa siwezi kulimeza tena hilo."

Alimwamini. Hata hivyo kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alitoa jeki, akafungua nati zote kumi na sita mwenyewe, akatazama nyuma ya kila ringi.