Simu yangu imenisemea mbele ya kwaya nzima

Jamani, leo nusura niingie chini ya benchi la kanisa 🙈

Mnaijua ile app yangu ya kupanga kazi? Niliipenda kwa sababu haina maswali. Kazi ikikushinda, unaisogeza kesho, basi.
Kuna moja naisogeza tangu Pasaka.

Asubuhi app ikaomba niisasishe. Nikabonyeza "Kubali" bila kusoma. (Kwani nani huwa anasoma?)

Jioni, mazoezi ya kwaya hapa Bagara. Mama Furaha, mwalimu wetu, akafumba macho atuombee. Kimya.

Kumbe sasa app inasoma kwa sauti kazi zilizochelewa!
Mfukoni mwangu sauti ya kizungu ikatangaza, ikikivunjavunja Kiswahili:
"Kumwomba Mama Furaha nianzishe wimbo."

Mama Furaha akafumbua jicho moja. "Simu ya nani hiyo?"

"Shikamoo, Mama," nikajibu. Na tulikuwa tumeshasalimiana!

"Marahaba tena. Haya, pita mbele uanzishe."

"Mama, labda kesho..."

"Kesho gani? Simu yenyewe imekuchoka!"

Kwaya nzima ikacheka. Nikaanzisha. Mstari wa kwanza sauti ilitetemeka, wa pili ikatulia, wenzangu wakapokea kwa nguvu.
Jumapili naanzisha mimi!

Nimefika nyumbani nikafungua mipangilio niizime hiyo sauti. Nikaiacha.

Ila nimefuta haraka kazi iliyokuwa inafuata. Ile ya kumwambia mpiga kinanda wetu yaliyo moyoni mwangu.

Niirudishe? Semeni ukweli.