Mkojo Niliouchuja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuchuja mkojo wangu kabla ya kumpelekea muganga wa dispensari. Nalisema wazi, maana wengi hapa Kindu wamenisikia nikizungumza habari za figo, na wanadhani nilikuwa na akili tangu mwanzo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikikaa na mama mtaani Kasuku. Shule niliiacha baba alipofariki. Kifaransa nilijifundisha kwa kitabu kisicho na jalada, na kupiga mashini ya kuandikia nilijifundisha juu ya ubao niliouchora herufi, kwa sababu mashini yenyewe sikuwa nayo. Nikikosea herufi moja, naanza ukurasa upya. Ndivyo nilivyo. Kitu chenye kasoro kikitoka mikononi mwangu, silali.

Ofisi moja ya usafirishaji ikatafuta makarani. Nikashinda mtihani pamoja na wengine wachache. Kilibaki cheti cha afya tu. Muganga wa dispensari ya mtaa, sitwayeni Lusuna, maana wakati ule kila raia aliitwa hivyo, alimpa kila mmoja wetu kichupa na kutuambia tulete mkojo wa asubuhi.

Asubuhi ile mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na povu lisilotaka kukatika. Nikaona haya. Nilifikiri utahukumiwa kama mwandiko unavyohukumiwa. Nikachukua kitambaa cha mama cha kuchujia chai, nikauchuja mara mbili. Kisha nikaongeza maji ya kuchemshwa, kidogo kidogo, mpaka rangi ikanipendeza. Nikapangusa kichupa, nikabandika jina langu.

Lusuna alikiinua kwenye mwanga mbele ya wenzangu.

"Angalieni, wandugu! Hii njo chupa. Zingine zote muliniletea sawa mulichota mu mutaro."

Wakacheka. Mimi nikajivuna, na cheti nikapewa.

Kuna jambo jingine sikumwambia: upele. Ulikuwa katikati ya vidole na kiunoni, nami niliukuna mpaka ukatoa usaha. Niliuficha chini ya mikono mirefu ya abakosti, koti letu la kazi lisilovaliwa na tai. Niliuona kuwa ugonjwa wa watu wasiooga, na mimi nilikuwa naoga mara tatu kwa siku.

Siku ya tisa ya kazi niliamka uso umevimba.

"Weye, ulilala vibaya?" mama akauliza.

"Nililala muzuri, mama."

"Basi mbona macho iko sawa ya mutu alipigwa?"

Viatu vikakataa kuingia. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Mkojo ulipungua hadi nusu glasi kwa siku nzima. Kichwa kiligonga, na nikilala chali pumzi inakatika, kwa hiyo nililala nimekaa. Jirani akasema nimetegwa na mtu anayeonea wivu kazi yangu. Mama akataka kunipeleka Kailo kwa mjomba anayejua mizizi, nami nikakubali haraka. Siyo kwamba niliamini. Nilitaka tu nisirudi kwa Lusuna, asije akapima mkojo wa kweli. Lakini sikufika hata barabarani. Nilitapika, nikaanguka, na jirani yuleyule akanipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali.

Daktari alinipima presha, akaitazama mara mbili. Akafungua vidole vyangu.

"Vidonda hivi ni vya tangu lini?"

"Karibu mwezi na nusu."

"Na mkojo, haukupimwa ulipoingia kazini?"

"Ulipimwa. Ulikuwa mzuri."

Akamwita Lusuna. Alikuja kwa miguu, jasho likimtoka, akasimama kando ya kitanda changu.

"Njo mimi nilipima, daktari. Sikuona kitu."

Nikaona mtu mwema anabeba kosa langu mbele ya mkubwa wake. Nikasema: "Niliuchuja."

"Ulifanya nini?"

"Niliuchuja na kitambaa. Nikaongeza maji."

"Kitambaa gani?" mama akadakia kutoka miguuni pa kitanda. "Kitambaa yangu ya chai? Ee Mungu, na sote tulikunywa!"

Daktari akageukia dirisha, mabega yakitikisika kwa kicheko. Lusuna hakucheka.

"Figo yako ilikuwa inaita musaada," akasema, "na weye unaifunga kinywa."

Kisha daktari akanieleza. Usaha wa upele ndio ulioleta vita mpaka kwenye figo. Zimevimba, hazichuji tena. "Kindu hatuna mashini ya kufanya kazi ya figo. Zako zikifunga kabisa, sina kitu cha kuweka mahali pake. Kwa hiyo utafanya kila ninachosema."

Nilichomwa penisilini. Nikapewa vidonge vya kuleta mkojo. Dawa nyeupe ya upele tulipakwa siku moja, mimi na wote wa nyumbani, ikituchoma mpaka mama akaruka. Maji nilipimiwa kwa kikombe. Chumvi nilikatazwa, na sombe, kisamvu chetu, bila chumvi ni majani tu. Siku ya tano mgonjwa wa kitanda cha pili alinipa kipande cha makayabo, samaki wa chumvi, kikubwa kama kidole gumba. Nikakila. Kesho yake mizani ikapanda kilo mbili. Safari hii sikungoja kuulizwa, nilisema mwenyewe.

Siku ya nane nikajaza chupa kubwa ya mkojo. Jioni nikajaza ya pili. Rangi yake ilikuwa mbaya, lakini niliwaonyesha wagonjwa wote chumbani, mmoja mmoja, nikilia.

Nilipotoka, kila wiki nilikwenda kwa Lusuna. Alitia mkojo katika kijichupa chembamba, akaupasha moto juu ya taa, akadondosha siki. Ukiganda mweupe kama ute wa yai, figo bado zinavuja. Wangu uliganda wiki baada ya wiki.

Siku moja akaniambia: "Weye unajua kuandika. Andikia kamishna wa zone, njo mukubwa wa eneo yetu. Upele iko kila nyumba, na watoto wanavimba."

Niliiandika barua ile upya mara kumi na moja. Kamishna akajibu kwamba niseme mwenyewe mbele ya watu, Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Watu walikuwa wamechoka kufyeka, majembe mabegani. Nikasimulia yote, hata kitambaa.

"Karani ya mikojo!" mmoja akapiga kelele. Kicheko kikaenea. Nikaendelea.

Walipoanza kutawanyika, mama Zaina, muuza mihogo, akanivuta mkono.

"Baba, mutoto wangu macho inavimba kila asubui. Mi nasema ni usingizi. Na upele iko naye."

Tulikwenda naye kwa Lusuna Jumatatu. Mkojo wa binti uliganda mweupe. Alitibiwa mapema, hakulazwa hata siku moja, na baada ya majuma machache uso wake ulirudi wa mtoto. Kamishna alipoona hayo aliagiza upele utibiwe nyumba nzima siku moja, bila kuitia haya nyumba yoyote, na watoto wa shule wapimwe mkojo. Maagizo yaliyobandikwa ukutani mwa dispensari, kwa Kiswahili, niliyapiga mimi, kwa mashini ya kweli.

Mwezi wa sita tangu nitoke hospitali, Lusuna alipasha mkojo wangu moto, akatia siki. Tukangoja. Ulibaki wazi. Akaupasha tena, kwa kuwa nilimwomba. Ulibaki wazi.

Namshukuru Mungu, mama yangu, daktari, na Lusuna aliyenisamehe. Wewe unayesoma, ukivimba uso asubuhi au mkojo ukibadilika rangi, usingoje na usione haya. Upeleke kama ulivyo.

Mimi nimerudi kazini, na presha yangu ni ya kijana. Zamani upele ulikuwa siri ya kila nyumba mtaani kwetu. Sasa mtu akijikuna, nyumba nzima inakwenda dispensari.