Nafasi Yangu Chini ya Ingobyi

Siku ile mjomba aliposimamisha lori lake chini ya kilima na kuniambia nipande, nilipaswa kusema hapana. Nilisema ndiyo, tena kwa haraka, hata viatu nilivivalia humo humo ndani ya lori.

Nililikumbuka jambo hilo juzi, nilipopanda tena Kinyinya, kilima nilikozaliwa. Pale tulipolima mtama sasa zinajengwa ghorofa, na mashine ya kuchanganya zege inanguruma palipokuwa na jiko la mama. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilisimama nikanusa udongo mwekundu uliolowa, na harufu ilikuwa ile ile, rafiki yangu. Nusura niite watu waliokufa zamani.

Mwaka 1990 hapa palikuwa shamba tu, ingawa taa za Kigali tuliziona ng'ambo ya bonde. Gari halikuweza kupanda. Mtu akiugua alibebwa kwa ingobyi, machela ya kusuka yenye miti miwili mirefu, wanaume wanne chini yake na wengine nyuma wakisubiri zamu. Ingobyi ya kilima chetu ilining'inia ukutani kwetu, juu ya kitanda cha wazazi wangu, kwa kuwa baba ndiye aliyeisuka. Mama alilalamika kwamba analala chini ya wagonjwa wa kilima kizima. Lakini ni yeye aliyeianika kila mvua ilipokatika.

Baba hakuwa mtu mkubwa. Alilima, alichoma matofali, Jumapili alikwenda misa na koti lake moja. Alitulea mimi na dada zangu bila kupiga kelele. Ila sauti ya kuita ikisikika kutoka upande wowote wa kilima, aliweka chini sahani na kuinuka. Nimeona maharage yake yakipoa mara nyingi kuliko nilivyoyaona yakiliwa moto. Hakuuliza anayeumwa ni wa ukoo gani, wala kama waliwahi kugombana. Aliuliza tu, "Anaumia wapi?" ili ajue jinsi ya kumlaza.

Mimi nilifuata nyuma na kibuyu cha maji. Nakumbuka jirani yetu, bibi mnene aliyevunjika mguu wakati wa kuvuna maharage. Njia nzima aliwagombeza.

"Nyie, mnabeba mtu au gunia la viazi?"

"Gunia lina nafuu, mama," alijibu seremala. "Gunia halina mdomo."

"Ngoja nipone, utauona huo mdomo!"

Wanaume walicheka mpaka baba akawaomba wasicheke, maana ingobyi ilikuwa inatikisika na bibi mwenyewe anacheka huku analia.

Wabebaji hupangwa kwa urefu, ili mgonjwa asilalie upande mmoja. Baba alikuwa mrefu kupita wote. Mwenzake wa mbele alikuwa yule yule seremala, mtu mfupi mwenye maneno mengi, ambaye ilimbidi aweke begani ngata nene ya majani ya migomba ndipo walingane. Kila likizo baba alinisimamisha karibu naye, akapitisha kiganja kutoka bega lake hadi langu.

"Bado kidogo," alisema. "Ukifika hapa, ngata ya seremala tutamtupia mbuzi."

"Mwambie ale haraka," seremala alidakia. "Shingo yangu imeanza kwenda kombo kama mlango niliomtengenezea padri."

Nilifikia bega la baba mwaka 1992, nilipomaliza sekondari. Asubuhi moja sauti ya kuita ikasikika. Baba akashusha ingobyi, akanitazama, akatabasamu. "Leo tunalingana. Njoo." Nikamwambia natangulia kunawa uso. Mjomba alikuwa ananisubiri barabarani, na mimi nilikuwa nimechoka na matope. "Mpwa wangu," aliniambia, "utabeba wagonjwa mpaka shingo iingie tumboni? Panda, twende Dar."

Tulipofika kwenye kona tuliwakuta wanavuka barabara. Baba mbele, seremala kando yake, na ngata begani. Mjomba akapunguza mwendo. Baba aliniona dirishani. Aliinua mkono uliokuwa huru, akanipungia kama anavyopungiwa mtu anayekwenda sokoni, kisha wakaendelea.

Mwaka 1994 nilikuwa Dar, sikio kwenye redio. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayakuacha kilima chetu. Ya siku zile wana haki ya kuyasimulia waliokuwepo, nami sikuwepo. Najua tu nilichoambiwa. Baba alibaki hai. Ingobyi ilichomwa pamoja na nyumba, na wabebaji wengi hawakuwepo tena. Kabla mwaka haujaisha alikata matete bondeni, akasuka nyingine, akapita mlango kwa mlango akiomba watu. Wengine hawakutaka kusimama chini ya mti mmoja wa ingobyi na jirani. Hakuwalaumu. Alirudi tena, na tena, mpaka bega la nne likapatikana.

Kuna wanaoniambia kuondoka ndiko kulikoniokoa. Huenda. Lakini baada ya hapo njia ilikuwa wazi, na mimi nilikuja kama mgeni tu, na zawadi mkononi, nikiahidi kurudi moja kwa moja mwaka unaofuata.

Juzi seremala alinipokea akiwa ameketi mlangoni, mzee kabisa, shingo kweli imekwenda kombo. "Walitaka kunibadilisha na mtu mrefu," aliniambia. "Muzehe, baba yako, alikataa. Alisema nafasi hiyo ina mwenyewe, mimi niweke ngata tu." Kisha akanionyesha vijana wanaopandisha mawe kumjengea mjane ukuta. Wajukuu wa wabebaji, alisema, na hakuna aliyewaita.

Vijana hao hao ndio waliobeba jeneza la baba, wakijipanga kwa urefu. Mimi nilifika kaburi likiwa limeshaota nyasi. Baba yangu aliishi hadi uzee mrefu, na kilima kizima kilimjua kuliko mimi. Alinitunzia nafasi begani maisha yake yote. Sikumsaidia kubeba hata mgonjwa mmoja, na yeye mwenyewe sikumbeba.