Flashi mchana kweupe kwenye kwanjula

Jamani, leo nimeharibu au nimesaidia?

Napiga picha kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, huku Ggaba. Jua la saa saba, wanaume wa upande wa bwana harusi wamejipanga langoni, wote kanzu na koti. Kwa kivuli cha jua la utosini, macho yao kwenye kamera ni mashimo meusi. Nikawasha flashi.

Bwana harusi kajibanza nyuma, kwenye kivuli cha ukuta. Nikamlenga yeye tu. Pa! Pa! Uso ukang'aa.

Msemaji wao akanirukia: "Nyabo! Sisi tunamficha ili ssenga amtafute, wewe unammulika?"

Kwetu Kisumu hatufichi mtu!

Ndani, ssenga, shangazi wa bibi harusi, hakutafuta. Akamwendea moja kwa moja, vigelegele.

Akipita akaninong'oneza: "Webale, asante mwanangu. Nilikuwa dirishani. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, na hawajui; mwanga wako ndio ulionionyesha ni yupi."

Sasa msemaji kaninunia. Nimwambie nini?