Ngazi Juu ya Kichwa cha Mama Mkwe

Hakuna aliyenifundisha namna ya kupanda ngazi juu ya kichwa cha mwanamke ambaye, siku mbili baadaye, wazee wangu watakwenda kuniposea binti yake.

Ilikuwa Alhamisi, katika jengo la biashara katikati ya Bujumbura. Kazi yetu ni kupitisha tuyo, yale mabomba membamba ya plastiki ambamo nyaya za intaneti hupita kutoka duka moja hadi jingine. Mimi na mwenzangu tuligawana kuta kama kawaida, yeye upande wa barabarani, mimi upande wa ndani. Duka la tatu upande wangu lilikuwa la vitenge. Nikabisha hodi na ngazi begani, nikaingia, nikamwona. Nilimjua kwa picha alizonionyesha mchumba wangu. Kama naye alinijua, uso wake haukusema.

Kwetu mwanamume hajipeleki kwa mama mkwe kabla wazee hawajafika. Akikutana naye njiani, huinamisha kichwa na kupita kando. Lakini utapitaje kando ukiwa na ngazi, ndani ya kiduka cha kuta nne? Nijitambulishe, nivunje adabu? Nikinyamaza, si nitaonekana mjanja mjanja?

"Asalam alaykum," nikasema.

"Waalaykum salaam. We ni wa tuyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, fundi. Vumbi isiguse vitenge vyangu."

Fundi! Nilitoka nikamwendea mwenzangu, nikamwomba tubadilishane kuta. Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la vyombo. "We jikaze kisabuni," akasema. "Mi siwezi kukuolea bibi, sasa nikutobolee na ukuta?" Nikamwandikia mchumba wangu, ambaye alikuwa darasani kule Mutanga Sud, nikamuuliza kama mama yake ananijua. Akajibu: "Picha yako aliiona, lakini hakuwa na miwani. Usimwambie kitu!" Jibu hilo halikunisaidia hata kidogo.

Basi nikafunika vitenge kwa turubai, nikapanda. Viatu vyangu vilikuwa juu ya kichwa chake, karibu kugusa mtandio. Kila niliposogeza mguu nilisema samahani mama, na kila samahani ilizidi kuniumbua, maana fundi gani huomba radhi kila anapopumua? Nikaanza kuchora mstari wa chaki juu ya rafu ya mbele.

"Fundi, iyo tuyo isipite hapa mbele. Izungushe kule nyuma, mu zile pembe, wateja wasiione."

Nilizitazama pembe zile. Kila kona huukaba waya. Kona moja au mbili unavumilia, lakini kule nyuma zilikuwa tano zinafuatana, na atakayevuta angeukata waya au ungemkwamia ndani.

"Apana, mama. Haitawezekana."

Nilisikia kinywa changu kikimwambia mama mkwe apana.

Akaingia mteja, bibi mmoja wa Kiriri, mtaa wa wenye nazo, funguo za gari mkononi, akaniangalia kule juu. "Uyu ni nani?" Mama akamjibu bila kuinua macho: "Mi simujui. Ametumwa na wenye jengo." Iliniuma kweli. Najua nilipaswa kufurahi kwamba siri imetunzwa, lakini iliniuma, na nikatoboa ukuta kwa hasira zaidi kuliko ilivyohitajika.

Mteja alipoondoka, mama akaninunulia soda baridi. Nikashuka, nikaipokea kwa mikono miwili, kisha nikabaki nimeishika. Mkwe hali wala hanywi mbele ya mama mkwe. Lakini kama mimi ni fundi tu, kuikataa ni dharau. Niliishika mpaka ikapata moto.

"Kwa hiyo tutaizungusha?" akauliza.

"Apana, mama."

Akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilipanda ngazi tena nikiusubiri huo mshindo. Haukuja. Kilichokuja ni sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, nakuomba."

Mwanangu! Ni vile anavyomwita kila kijana, au amenitambua? Mkono wangu ulikuwa umeshashika spiringi ya kukunjia tuyo. Ningeweza kuzungusha, naye akafurahi, na Jumamosi ikapita salama. Mwenye kuvuta waya angejua mwenyewe. Nakiri nilitamani sana. Lakini mwenye kuvuta ni mwenzangu yule yule, na ukuta ni wa mama huyu huyu.

"Mama, nikizungusha utafurahi leo. Siku waya ikikwama, watakuja kubomoa ukuta yako yote. Siwezi."

Akageuka, akaanza kukunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Nikasema moyoni, basi, nimejikosesha mke kwa ajili ya bomba la plastiki. Nilimalizia kazi bila kutazama chini. Tuyo ilinyooka vizuri, na kunyooka kwake kulinichukiza. Nikafagia, nikakunja turubai, nikaweka ngazi begani.

"Fundi." Alikuwa amevaa miwani. "Nimekuomba mara tatu, umenikatalia mara tatu. Binti yangu ni mubishi kunishinda mimi. Akikuomba kitu isiyofaa, akalia, utamukatalia?"

Kumbe ananijua! Tangu saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Nikatafuta jibu. Nikisema ndiyo, mimi ni mume mgumu, nitamliza mwana wa watu. Nikisema hapana, basi namheshimu binti kuliko mama aliyemzaa. Nilitazama sakafu niliyoifagia, sikuona msaada wowote pale.

"Sijui, mama," nikasema. "Akilia, mi sijui."

Nikaona heri niondoke kabla sijaongeza la pili. Nikageuka kwa haraka, na ngazi ikagonga fremu ya mlango, kwanza upande huu, kisha upande ule.

"Polepole, mukwe," akasema nyuma yangu. "Mulango ni wangu. Na wazee wenu, Jumamosi, wasichelewe."